Lini Mama Asinyonyeshe?

Ndugu msomaji, wengi walioanza kuisoma Kurani Tukufu, hasa akina mama, hukutana na jambo moja linalowatatiza. Wasoma katika Sura Al-Baqara kwamba mama amepewa kazi ya kumnyonyesha mwanawe, na kwamba muda uliokamilika wa kazi hiyo ni miaka miwili. Kisha waenda kliniki, na huko muuguzi awaeleza kuwa yako maradhi yanayoweza kupita katika maziwa. Warudipo nyumbani, mama mkwe naye ana yake: ziwa la mjamzito ni sumu, maziwa ya kwanza ni machafu, mwenye homa asimsogeze mtoto kifuani. Mama aliyeko Nyarubungo, au katika kijiji chochote cha Ngara na Biharamulo ambako zahanati haiko mlangoni, abaki na mtoto mapajani asijue amfuate nani.

Katika somo hili twataka kuuliza maswali mawili. Je, sheria ya Mwenyezi Mungu yamlazimisha mama anyonyeshe hata panapo madhara? Na madhara ya kweli ni yapi? Swali la pili litatuchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa hofu zisizo na msingi ni nyingi kuliko zile zenye msingi, na zote mbili zimewaua watoto.

Aya tunayoizungumza ni ya 234 ya Sura Al-Baqara (katika misahafu isiyoihesabu Bismillahi ni ya 233). Yafaa msomaji aifungue na kuisoma yote, maana watu wengi huishia mwanzo wake. Baada ya kutaja miaka miwili, aya yaeleza kwamba muda huo ni kwa atakaye kuukamilisha. Yamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa kadiri ya uwezo wake. Yakataza mama kutiwa katika madhara kwa sababu ya mtoto wake, na baba vivyo hivyo. Yawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda, wakiwa wameafikiana na kushauriana. Mwisho yaruhusu mtoto apewe mwanamke mwingine wa kumnyonyesha, naye alipwe kwa wema.

Basi katika aya moja mna wajibu, mna mpaka, mna ruhusa, na mna njia nyingine ya kumlisha mtoto. Mama hakuamrishwa ajiangamize, wala hakuamrishwa ampe mtoto kitu kitakachomwua. Lakini angalia kwamba ruhusa ya kuachisha imefungamanishwa na mashauri. Mume na mke wasiojua lolote juu ya ugonjwa hawawezi kushaurishana juu yake. Watakuwa wakipeana uvumi tu. Lazima waende kwa anayejua, naye katika mambo ya mwili ni tabibu, mkunga au muuguzi.

Hofu zisizo na msingi

Tuanze na ile kubwa. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu huamini habari ya kubemenda, yaani kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto angali ananyonya, au mama akipata mimba nyingine, maziwa huharibika na mtoto hudhoofu. Mtoto akikonda miguu, wazazi hushutumiwa, na mara nyingi mama humnyang'anya ziwa siku hiyohiyo.

Jambo hili si geni. Waarabu wa zamani waliamini vivyo hivyo, nao walikuwa na jina lake, ghila. Imepokewa na Judama binti Wahb, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa amekusudia kuikataza ghila, kisha akawafikiria Warumi na Waajemi, ambao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Akaacha kuikataza. Tafadhali, ndugu msomaji, izingatie njia aliyoitumia. Mbele yake palikuwa na imani ya watu wake mwenyewe, iliyokuwa na nguvu. Akaipima kwa hali za mataifa mengine, ambayo hayakuwa hata ya Waislamu, akaona kwamba ushahidi hauiungi mkono.

Elimu ya leo yakubaliana na hayo. Mama mwenye mimba aweza kuendelea kunyonyesha, ila ahitaji chakula zaidi, na aliyewahi kuharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati amwone tabibu kwanza. Kinachomdhoofisha mtoto mara nyingi ni kule kuachishwa kwa ghafla na kupewa uji mtupu wa muhogo au ndizi peke yake. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizopauka. Akautaja kwa jina la Waga wenyewe, kwashakoo, ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wale wazee wa Kiga waliona vizuri: mtoto huugua akiondolewa. Wazee wetu waliona mtoto yuleyule, wakamlaumu mama.

Hofu ya pili ni juu ya dang'a, yale maziwa ya mwanzo yaliyo mazito na ya manjano. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni usaha. Hayo ndiyo yenye kinga nyingi kuliko maziwa yote yatakayofuata, na mtoto yampasa ayapate katika saa ya kwanza ya maisha yake.

Hofu ya tatu ni juu ya homa. Mama mwenye malaria anyonyeshe. Vimelea vya malaria havipiti katika maziwa. Mwenye mafua, kuhara au homa ya matumbo anyonyeshe, akinawa mikono kwa sabuni. Mama huyo na mtoto wake hukaa nyumba moja na kuvuta hewa moja, na kinga ambayo mwili wake waitengeneza dhidi ya ugonjwa humfikia mtoto kwa njia ya ziwa.

UKIMWI na ziwa la mama

Sasa tufike penye hatari ya kweli, na mkoa wa Kagera waijua kuliko mikoa mingi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, hospitali ya Ndolage. Miaka iliyofuata iliacha nyumba zenye mabibi na wajukuu tu. Ilipojulikana kwamba virusi hivi hupita pia katika maziwa ya mama, hofu ilikuwa kubwa, na haikuwa hofu ya kijinga. Pasipo dawa yoyote, katika kila watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa, wengine tumboni, wengine wakati wa kuzaliwa, na kati ya 5 na 20 kwa njia ya kunyonya.

Je, dawa ilikuwa kuacha kunyonyesha? Matabibu wa Nairobi, akiwamo Dkt. Ruth Nduati, walilichunguza swali hili kati ya mwaka 1992 na 1998. Akina mama 425 wenye virusi waligawanywa kwa kura: wengine wanyonyeshe, wengine wapewe maziwa ya kopo. Hao walikuwa wakazi wa mji, wenye maji ya bomba. Baada ya miaka miwili, katika kila watoto 100 walionyonya, 37 walikuwa wameambukizwa. Kwa wale wa kopo, 21. Tofauti ni kubwa. Lakini walipohesabu vifo vya watoto, walikuta 24 katika kila 100 upande wa ziwa na 20 upande wa kopo, tofauti ndogo isiyoweza kuthibitisha kitu. Kopo lilizuia virusi, lakini kuhara na homa ya mapafu viliwachukua watoto ambao virusi havikuwachukua.

Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa Nairobi penye bomba, itakuwaje kijijini? Botswana ilijibu swali hilo kwa uchungu. Serikali yake iliwapa akina mama wenye virusi maziwa ya kopo bila malipo, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua zilizidi, maji yakachafuka, na kuhara kukaenea. Watoto mamia kadhaa walikufa kwa muda wa miezi michache, na uchunguzi ulionyesha kwamba walioangamia walikuwa hasa wale wasionyonya.

Wenye umri mkubwa katika Ngara hawahitaji mfano wa Botswana. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakaenea katika vilima vya Benaco. Kila mmoja afikirie mama aliyekaa chini ya turubai pale na mtoto wa mwezi mmoja. Maji ya kukorogea maziwa ya kopo angeyachota wapi, na kuni za kuyachemsha angezipata kwa nani, mara nane kwa siku? Ziwa lake ndilo lililokuwa chombo safi pekee katika kambi ile.

Njia ilifunguka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kupatikana. Jijini Dar es Salaam, katika uchunguzi ulioitwa Mitra Plus uliofanyika katika miaka ya 2000, akina mama wenye virusi walipewa dawa hizo tangu ujauzito na katika muda wote wa kunyonyesha, yaani miezi sita. Watoto waliokutwa na virusi kufikia mwezi wa sita walikuwa kama 5 katika kila 100, na wengi wa hao walikuwa wamekwisha ambukizwa kabla ya wiki ya sita. Ziwa lenyewe liliongeza kama mtoto mmoja tu katika kila 100. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama aliye katika dawa anyonyeshe mpaka mtoto atimize mwaka, na mwaka 2016 likaufikisha muda huo miezi 24 au zaidi. Msomaji anayekumbuka aya tuliyoanza nayo ataona mwenyewe hesabu hiyo imefika wapi.

Kwa hiyo jibu kwa mama mwenye VVU aliye kijijini ni hili: nyonyesha, lakini katika dawa. Masharti yake ni machache, nayo hayana mzaha. Meza dawa kila siku bila kuruka, maana siku unazoruka ndizo virusi huongezeka katika damu na katika maziwa. Kwa miezi sita ya kwanza usimpe mtoto kitu kingine chochote, hata maji, hata uji mwepesi, hata dawa za mitishamba za kumtuliza tumbo, isipokuwa dawa alizoandikiwa kliniki. Uchunguzi uliofanyika Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999 na Anna Coutsoudis na wenzake, ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa ziwa na vyakula vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Yadhaniwa kuwa vyakula hivyo huchubua utumbo mchanga wa mtoto, na virusi vikapata mlango. Mtoto naye apewe dawa yake ya kinga tangu kuzaliwa, na apimwe damu anapofikia wiki nne hadi sita, na tena baadaye kama kliniki itakavyopanga. Chuchu ikipasuka na kutoa damu, au titi likipata jipu, mtoto anyonye upande mwingine, na maziwa ya upande mgonjwa yakamuliwe na kumwagwa mpaka lipone.

Liko jambo moja ambalo watu hulisahau. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mama aliyepimwa akiwa mjamzito, akaonekana mzima, kisha akaambukizwa wakati ananyonyesha. Katika wiki za kwanza za maambukizo mapya virusi huwa vingi mno katika mwili, naye hajui, hamezi dawa, na mtoto anyonya kila saa. Ndiyo sababu mama hupimwa tena katika kipindi cha kunyonyesha, na ndiyo sababu mume hawezi kusema kwamba mambo ya ziwa ni ya wanawake. Aya ilipomtaja baba katika suala la madhara, haikumtaja bure.

Ugonjwa wa Marburg

Kwa upande wa VVU tumesema nyonyesha kwa masharti. Sasa twasema juu ya ugonjwa ambao jibu lake ni kinyume kabisa. Katika Machi 2023 Marburg ilizuka wilayani Bukoba, ikawapata watu 9 na kuwaua 6. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba umeonekana wilayani Biharamulo. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, waliohesabiwa walikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote 10 walikuwa wamefariki.

Marburg ni ndugu wa Ebola. Yote mawili huambukiza kwa majimaji ya mwili: damu, matapishi, jasho, na maziwa pia. Wakati wa Ebola ya Gulu, Uganda, mwaka 2000, virusi vilipatikana katika maziwa ya mama mmoja aliyekuwa akipona, hata baada ya kutoonekana tena katika damu yake. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya Ebola, ambao watumika pia kwa jamaa yake huyu, wasema wazi: mama akidhaniwa tu kuwa na ugonjwa, kunyonyesha kukome, mtoto atengwe naye, apewe maziwa mengine yaliyo salama, na aangaliwe kwa siku 21. Hapa hapana kungoja majibu ya maabara ndipo ziwa liondolewe. Akipona, aweza kunyonyesha tena baada ya maziwa yake yenyewe kupimwa mara mbili, kwa muda usiopungua saa 24 kati ya vipimo, na yote miwili kuonyesha kwamba hayana virusi.

Twajua ni vigumu. Mama aliye katika homa kali atamtaka mwanawe, na bibi ataona ni ukatili kumtoa mtoto mikononi mwa mgonjwa. Yeyote atakayelazimika kufanya hivyo na akumbuke mafundisho ya Mtume Mtukufu (s.a.w.) juu ya tauni, kwamba aliye nje asiingie katika nchi yenye tauni, na aliye ndani asitoke. Watu wengi waliotii katika zama hizo waliwaacha wapenzi wao upande wa pili. Dalili za kuangalia ni homa ya ghafla, kuumwa kichwa sana, kutapika, kuhara, na baadaye kutoka damu. Na hasa ikiwa katika nyumba au mazishini palikuwa na mtu aliyekufa kwa hali kama hiyo. Mwanzoni hufanana na malaria, na ndiyo maana mgonjwa apelekwe kituoni mapema badala ya kupewa vidonge vya dukani.

Maradhi mengine na dawa

Mengine tutayapitia kwa haraka. Mwenye kifua kikuu cha kuambukiza humwambukiza mtoto kwa kikohozi. Maziwa hayana kosa. Aanze dawa, afunike mdomo na pua anapomshika mtoto, aendelee kunyonyesha, na mtoto apewe dawa ya kinga kwa ushauri wa kliniki. Mwenye homa ya ini ya aina ya B anyonyeshe, na mtoto apate chanjo zake. Mama asiye na VVU aliye na uvimbe wa titi asiliache titi hilo lijae, kwani maziwa yaliyofungwa ndiyo yanayogeuka kuwa jipu. Anyonyeshe au akamue, na atafute dawa.

Dawa nyingi za hospitali hazimdhuru mtoto anyonyaye. Ziko chache zinazodhuru kweli. Dawa za saratani, zile za kuchoma chembe zinazokua haraka, huingia katika maziwa na haziruhusu kunyonyesha. Kadhalika madini ya ayodini yenye mionzi, yatumiwayo kutibu ugonjwa wa tezi ya shingo. Mama atakayepelekwa Bugando au Ocean Road kwa matibabu ya namna hiyo ajue kabla ya safari kwamba mtoto ataachishwa. Kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, ni ya kuogopwa sana katika Afrika Mashariki, maana baadhi ya watu huigeuza mwilini kuwa mofini kwa haraka mno, na miongoni mwa Waethiopia wenye maumbile hayo ni wengi. Mtoto anyonyaye kwa mama wa namna hiyo hulala usingizi usio wa kawaida na aweza kuacha kupumua. Tangu 2017 wakuu wa dawa wa Marekani wamewaonya akina mama wanyonyeshao wasiitumie. Na wale wanaomshauri mzazi anywe pombe ya ndizi ili maziwa yashuke, wajue kwamba kileo huingia katika maziwa kama kilivyo katika damu, na tena huyapunguza maziwa hayo. Uji, mchuzi na maji ya kutosha ndivyo vimfaavyo.

Mara chache sana shida huwa kwa mtoto mwenyewe. Wako wanaozaliwa na kasoro iitwayo galaktosemia, ambayo mwili hauwezi kuitumia sukari iliyomo katika maziwa. Mtoto wa namna hiyo hutapika, huwa manjano, na hulegea katika siku za kwanza tu baada ya kuanza kunyonya. Huyo hawezi kupewa ziwa lolote, la mama wala la ng'ombe, na ahitaji hospitali kubwa. Twalitaja ili mama aliyepatwa na msiba huo asiambiwe kwamba amerogwa.

Mama naye asidhurike

Watu wakisema kunyonyesha ni hatari humfikiria mtoto. Aya ilimtaja mama kwanza. Uchunguzi uleule wa Nairobi ulitoa habari mwaka 2001 kwamba akina mama wenye virusi walionyonyesha walikufa zaidi kuliko wale wa kopo, na waganga walijiuliza kama mwili ulioliwa na ugonjwa ulikuwa ukimalizwa na kazi ya kutengeneza maziwa. Chunguzi nyingine zilizofuata hazikulithibitisha jambo hilo. Hata hivyo ukweli mmoja haukanushiki: maziwa hutoka katika mwili, na mwili usiolishwa huchukua akiba yake. Kwa hiyo chakula cha mama ni haki iliyoandikwa, si hisani ya mume. Anayenunua bati la nyumba huku mkewe aliyejifungua akila mara moja kwa siku amelivunja agizo hili, hata akiwa mtu wa swala tano.

Kwa sababu hiyohiyo sheria imempa mama anyonyeshaye ruhusa ya kutofunga Ramadhani anapohofia nafsi yake au mtoto. Wako wapya katika dini wanaoona aibu kuitumia ruhusa hii. Hapana aibu katika kukubali alichokipa Mola wako.

Mama aliye mgonjwa mahututi, aliyepoteza fahamu, au aliyepatwa na kichaa cha uzazi hata akaweza kumdhuru mtoto, asilazimishwe kunyonyesha. Katika hali nyingi hizo ni za siku au wiki chache. Mtu wa pili na amkamue maziwa yasikauke, ili aweze kurudi kwa mtoto apatapo nafuu.

Mtoto atakula nini, basi, pale ziwa la mama linapokatazwa? Maziwa ya kopo yakubalika endapo maji ni safi na yamechemshwa, fedha za kununua zipo kwa miezi yote na si kwa wiki mbili, na mlezi ajua vipimo. Kuyazimua ili kopo lidumu ni kumnyima mtoto chakula huku tumbo lake likionekana limejaa. Maziwa mabichi ya ng'ombe yasitumike kamwe, kwani hubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo na kifua kikuu cha ng'ombe. Na hata yaliyochemshwa hayamtoshi mtoto aliye chini ya miezi sita, ila kwa dharura na kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Mlishe kwa kikombe kidogo badala ya chupa. Kikombe huoshwa kwa sabuni kikasafishika. Chuchu ya mpira hubaki na uchafu usioonekana.

Njia ya mwisho ni ile ambayo aya iliitaja, nayo ndiyo iliyomlea Mtume Mtukufu (s.a.w.) kwa Bibi Halima: mwanamke mwingine amnyonyeshe. Shangazi au jirani mwenye mtoto aweza kuokoa maisha ya yatima usiku uleule. Lakini leo asipewe mtoto kabla hajapimwa VVU, na akubali kupimwa tena maadamu aendelea kunyonyesha. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya idadi ya manyonyo yanayoleta undugu. Ila wakikubaliana kwamba undugu huo upo, wazee wa pande mbili waandike majina na mwaka mahali pa kudumu, ili watoto hao watakapokuwa wakubwa pasiwe na atakayeposa kwa ndugu yake wa ziwa bila kujua.